Shajara ya kusoma The Lord of the Rings kwa kalenda na ramani

KABLA YA UKURASA WA KWANZA

Mradi wenyewe ni huu: kuisoma The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien tangu utangulizi hadi kiambatisho cha mwisho, daftari likiwa pembeni. Daftari lina safu tano. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili, nani yuko wapi siku hiyo. Ya tatu, wamesafiri umbali gani, na kwa miguu, farasi au mashua. Ya nne, mwezi angani ukoje. Ya tano nimeipa jina la "wapita njia": kila mfalme, wimbo, gofu au mnyama anayetajwa mara moja, kisha hadithi ikampita bila kugeuka nyuma.

Niliwahi kuisoma zamani kwa mwendo wa kawaida, yaani kwa kukimbilia vita. Safari hii nina swali. Watu wakisifu riwaya za fantasia husifu viumbe vyake, lugha za kubuni na majina yaliyojaa alama juu ya herufi. Mimi nashuku siri iko kwenye hesabu. Ulimwengu wa Tolkien unashikamana kwa sababu mtu akitoka hapa kwenda kule lazima achoke, ale, alale, na siku zikatike. Ngoja tuone kama daftari litaniunga mkono.

Machache ya msingi. Tolkien alikuwa profesa wa Oxford, bingwa wa Kiingereza cha kale. Alianza kuandika Desemba 1937, miezi michache tu baada ya The Hobbit kutoka. Kampuni ya Allen & Unwin ikachapisha kazi hiyo kwa mafungu matatu, mawili mwaka 1954 na la tatu Oktoba 1955. Yeye mwenyewe alikiona kuwa kitabu kimoja. Gharama za karatasi baada ya vita ndizo zilizokikata. Ndani kimegawika katika Vitabu sita, na mgawanyo huo ndio nitakaoufuata. Ramani kubwa iliyochapishwa ilichorwa na mwanawe, Christopher, lakini baba alikuwa nayo yake mezani tangu mapema. Katika barua ya 1954 anaeleza kwamba alianza na ramani, kisha akaifanya hadithi iitii.

Kwa ufupi, hadithi ni ya Frodo, mmoja wa mahobiti, watu wafupi wa nchi ya Shire, anayeibeba Pete ya uovu hadi Mordor, nchi ya adui, ili iangamizwe. Nitataja mambo hadi mwisho kabisa wa hadithi. Asiyeisoma na apendaye kushtukizwa, aishie hapa.

NILIPO: UTANGULIZI

Wengi huuruka, na siwalaumu. Anayefungua kitabu akitafuta mapanga anakutana na maelezo ya namna mahobiti wanavyochimba nyumba zao na wanavyovuta tumbaku. Sehemu ya tumbaku mtu anaweza kuiruka asipungukiwe. Ile inayoeleza Pete ilivyopatikana usiiruke, kwa kuwa inafichua jambo kubwa kwa sauti ndogo: Bilbo, hobiti aliyeipata, alisimulia kisa hicho kwa namna mbili, moja ya uongo, na uongo huo ukaandikwa ukabaki kwenye baadhi ya nakala.

Katika toleo la pili, la miaka ya 1960, Tolkien aliongeza maelezo kuhusu kumbukumbu za Shire: kitabu chekundu kilichoanzishwa na Bilbo, kikaendelezwa na Frodo na Sam, kikanakiliwa, nakala ikapelekwa Gondor, ufalme wa kusini, ikaongezewa maneno huko na kusahihishwa na waandishi wa mfalme. Kwa hiyo tunachosoma kina waandishi ndani yake, na waandishi hao wana kwao. Nimeandika kwa wino mwekundu juu ya safu ya kwanza: "Tarehe hizi ni za nani?" Nahisi nitarudi hapo.

NILIPO: KITABU CHA I

Hadithi nyingi hutuambia hapo zamani za kale, zikatuacha hapo. Hii inatuambia Alhamisi, tarehe 22 Septemba.

Hiyo ndiyo siku ya karamu ya Bilbo, anapotimiza miaka 111, na Frodo, ndugu yake aliyemlea, anatimiza 33. Ni mwaka 3001 wa Enzi ya Tatu, au 1401 kwa hesabu ya Shire, maana mahobiti huhesabu tangu walipohamia nchi yao. Nilifungua kiambatisho cha kalenda mapema kuliko nilivyopanga, kwa sababu nilitaka kuchora kalenda sahihi ukutani. Imenifurahisha kupita kiasi. Kila mwezi wa Shire una siku 30, bila ubaguzi. Zinabaki siku tano: mbili ni za sikukuu ya mwisho na mwanzo wa mwaka, tatu za katikati ya mwaka, na kila mwaka mrefu huongezwa moja. Siku ya katikati kabisa haina jina la juma, wala ile ya nyongeza haina. Matokeo yake, mwaka huanza Jumamosi na kuisha Ijumaa siku zote, na kila tarehe inabaki na siku yake ya juma milele. Tarehe 22 Septemba ni Alhamisi mwaka huu, mwakani na miaka mia ijayo. Nilihesabu kwa penseli kuanzia siku ya kwanza ya mwaka nikaangukia Alhamisi kama kitabu kinavyosema. Karatasi moja ukutani inatosha kwa hadithi nzima, na mahobiti kwa tabia yao ni watu ambao wangependa kalenda isiyobadilika.

Baada ya karamu, hadithi inaruka miaka 17 karibu bila kuomba radhi. Frodo anaondoka nyumbani 23 Septemba 3018, ana miaka 50 na siku moja. Kuanzia hapo, daftari halipumziki. Tarehe 26 wako Msitu wa Kale, 28 wanatekwa na mzuka wa makaburini, 29 wanafika kijiji cha Bree, 6 Oktoba Frodo anachomwa kisu juu ya kilima cha Weathertop, 20 Oktoba anavushwa mto Bruinen akiwa nusu mfu. Tarehe hizi nyingi nimezichukua kwenye Kiambatisho B, ile orodha ya miaka, kisha nikazilinganisha na usiku wanaolala kwenye masimulizi. Zinaoana.

Safu ya wapita njia imejaa kabla sijafika Bree. Nimejiwekea alama mbili: duara kwa jambo ambalo baadaye linapata maelezo, msalaba kwa lisilopata kabisa. Weathertop peke yake imenipa maduara matatu. Frodo na wenzake wanaona kilima chenye mawe yaliyoungua. Aragorn, anayewaongoza njiani, anawaambia palikuwa na mnara, kwamba Elendil alisimama hapo akimsubiri Gil-galad. Sam, mtunza bustani, anaimba kipande cha wimbo wa Gil-galad aliofundishwa na Bilbo, na wenzake wanashangaa kujua kwamba anaujua. Nimelisoma tukio hili tena na tena. Historia ya falme mbili inafika kwetu kupitia mtunza bustani anayekumbuka beti tatu tu, tena anakataa kuimba zilizobaki kwa kuwa zinahusu Mordor. Mwandishi mwingine angetupa kurasa nne za historia hapo hapo.

Jambo jingine la kutia alama: tarehe 29 Septemba, Tom Bombadil, mzee wa msituni aliyewaokoa, anawapa mahobiti visu kutoka kwenye kaburi, akisema vilifuliwa na watu wa Magharibi waliopigana na mfalme mchawi wa Angmar. Nimeweka duara, nikaandika: "Subiri Machi."

NILIPO: KITABU CHA II

Mwendo umebadilika. Kutoka Baraza la Elrond, bwana wa Rivendell, 25 Oktoba, hadi kuondoka Rivendell, 25 Desemba, ni miezi miwili mizima ya kusubiri. Mara ya kwanza niliposoma sikuihisi kabisa, kwa sababu inapita kwa kurasa chache. Sasa ninaiona ukutani, mistari mitupu, na ninaelewa kwa nini wapelelezi wa Elrond walihitaji muda huo: walikwenda mbali, kisha wakarudi. Hakuna simu ya kichawi katika ulimwengu huu, isipokuwa yale mawe ya kuonea mbali, na hayo huleta balaa.

Sura ya Baraza ni ndefu na watu wamekaa vitini tu. Kwangu ni kati ya sura bora za kitabu. Kila mjumbe anakuja na kipande chake kutoka pembe yake ya ramani, tena kwa lafudhi yake. Boromir haongei kama Elrond, wala Glóin haongei kama mchawi Gandalf. Anayeinyakua sura hii kwa haraka atakuwa anasoma kitabu kingine.

Moria, migodi ya kale ya vibete, imenipa zawadi kwa safu ya tano. Wakiwa gizani, Aragorn anawatuliza wenzake kwamba Gandalf anaweza kuiona njia ya kurudi nyumbani usiku wa giza kuliko paka wa Malkia Berúthiel. Basi. Paka hao hawatajwi tena popote kwenye riwaya. Ni nani malkia huyo, paka wake walifanya nini, hatuambiwi. Ule ni msalaba wangu wa kwanza mkubwa, na nimegundua kwamba msalaba unaupa ulimwengu kina kuliko duara. Aragorn hasemi hivyo kutufundisha historia. Anasema kama mtu anayezungumza na watu wa kwao, ambao wanawajua paka hao.

Kisha chumba cha Mazarbul. Balin aliingia Moria mwaka 2989 na akafa 2994, na tunalipata hilo kwa kumsikiliza Gandalf akisoma kitabu kilichochanika, kurasa zimeshikana kwa damu, maneno yanakatika. Miaka mitano ya watu wa jamii ya Gimli inaishia katika mwandiko wa haraka wa mtu anayesikia ngoma zikikaribia. Halafu ngoma hizo hizo zinaanza kuwalilia wasomaji wenyewe. Sina la kuongeza.

Lórien ndiyo iliyonifanya niipende safu ya nne. Wanaingia mji wa Galadriel 17 Januari na kuaga 16 Februari. Baadaye mtoni Sam anatazama juu, anauona mwezi mwandamo mwembamba, anaduwaa. Hesabu yake haiendi. Kama mwezi ni huo, basi ni kana kwamba hawakukaa Lórien hata siku moja. Wenzake wanajadili kama muda hupita vingine katika nchi ya Galadriel, na Aragorn anamweleza kwamba mwezi mmoja mzima ulizeeka na mwingine ukazaliwa wakiwa ndani. Kwenye daftari langu jibu lilikuwapo tayari: wamekaa karibu mwezi mmoja kamili wa angani, kwa hiyo sura ya mwezi imerudi palepale. Tolkien ametegua kitendawili chake kwa hesabu, lakini amemwachia Sam mshangao wote. Uchawi wa Lórien hauharibiki hata kidogo kwa kujua hilo.

NILIPO: KITABU CHA III NA CHA IV

Hapa ndipo mradi ulipoanza kunilipa.

Tarehe 26 Februari kundi linavunjika. Kuanzia hapo Tolkien anafanya jambo ambalo wahariri wa leo wangempigia kelele: Kitabu cha III chote kinawafuata Aragorn na mahobiti Merry na Pippin, na Frodo haonekani hata mara moja. Kisha Kitabu cha IV chote kinamfuata Frodo na Sam, na wengine wote wanatoweka. Hakuna kurukaruka sura kwa sura. Msomaji anamaliza vita vya Helm's Deep, anarudishwa nyuma siku kadhaa, anaanza upya kwenye mawe makavu ya Emyn Muil na mahobiti wawili wenye njaa.

Kwa hiyo nilifungua kurasa mbili za daftari, III kushoto, IV kulia, tarehe zikienda sambamba. Na safu ya kushoto ina tarehe 30 Februari! Katika kalenda isiyo na mwezi mfupi, hiyo ni siku halali. Ndiyo siku Éomer, mpanda farasi wa Rohan, anapowakuta Aragorn, Legolas na Gimli uwandani, na anashangaa kwamba wamepita masafa ya zaidi ya kilomita 200 kwa miguu kabla siku ya nne haijaisha. Mshangao wake unatosha kutuonyesha kwamba katika ulimwengu huu umbali ni kitu cha kweli. Kama mashujaa wangekuwa wanafika kokote wakati wowote, mpanda farasi huyu asingekuwa na sababu ya kuinua nyusi.

Kurasa mbili sambamba zinaonyesha yafuatayo. Tarehe 1 Machi, Aragorn anakutana tena na Gandalf aliyerudi kutoka mautini. Siku hiyo hiyo alfajiri Frodo anaanza kuvuka Mabwawa ya Wafu, akitazama nyuso za maiti chini ya maji. (Aragorn alizaliwa 1 Machi 2931. Anatimiza miaka 88 siku hiyo, na hakuna anayempongeza. Hata yeye hasemi.) Tarehe 5 Machi, Gandalf yuko kwenye ngazi za Orthanc akijibizana na Saruman, mchawi msaliti, siku hiyo Frodo amejificha mbele ya Lango Jeusi, hajui aende wapi, anamkumbuka Gandalf ambaye anaamini amekufa. Hapa Tolkien mwenyewe anavunja ukuta wake: anatuambia kwa sentensi chache kwamba saa ile Gandalf alikuwa na Saruman, na mawazo yake yalikuwa kwa Frodo na Sam. Zamani nilipita juu ya sentensi hizo bila kuzihisi. Nikiwa na kurasa mbili zimefunuliwa, nilifunga kitabu nikatembea kidogo.

Halafu mwezi. Kuna barua ya Mei 1944 ambamo Tolkien anamwandikia Christopher, aliyekuwa jeshini, akilalamika kwamba miezi ya angani kwenye hadithi inafanya mambo yasiyowezekana, inachomoza upande mmoja wa nchi huku ikizama upande mwingine, na kwamba alipoteza mchana mzima akiandika upya vipande vya sura za nyuma. Ni mwaka wa vita, ana mihadhara, ana mitihani ya kusahihisha, na anakaa anarekebisha mwezi ambao wasomaji wengi hawatautazama.

Matunda ya mchana ule yako usiku wa 7 Machi. Katika Kitabu cha IV, Faramir, kapteni wa Gondor, anamwamsha Frodo kabla ya alfajiri aje kuutazama mwezi mpevu ukizama juu ya Gondor. Katika Kitabu cha V, kilicho mbele, Pippin amepakiwa kwenye farasi wa Gandalf, anauona mwezi, anajiuliza Frodo yuko wapi, na masimulizi yanatudokeza kwamba Frodo naye kutoka mbali aliutazama mwezi uo huo. Sura hizo mbili zimetengana mno. Kinachoziunganisha ni kitu kimoja angani, na kingeweza kuziunganisha tu ikiwa mtu amekaa akahakikisha kwamba kiko mahali pake.

Tarehe hiyohiyo ya 7 Machi ina jambo jingine, nimeliwekea mstari. Mchana, Sam anashuhudia shambulio la kuvizia. Askari wa Harad, mtu wa kusini, anaanguka karibu naye akiwa ameuawa. Sam anajiuliza jina lake nani, kwao wapi, kama moyo wake ulikuwa mbaya kweli, ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa nyumbani. Aya fupi, kisha tembo mkubwa wa vita anapita na Sam anasahau. Nimetafuta duara la kumwekea mtu huyo. Mpaka sasa ana msalaba.

NILIPO: KITABU CHA V

Kinaenda kwa kasi, nami pia. Kurasa mbili za daftari zinakutana 10 Machi, siku isiyopambazuka: giza linalotoka Mordor linamfika Pippin mjini Minas Tirith, linawafika wapanda farasi wa Rohan, linamfika Frodo njia panda, ambako anaona kichwa cha sanamu ya mfalme kimeanguka chini na maua yameota kukizunguka kama taji. Giza moja, mashahidi watatu, Vitabu viwili tofauti. Anayesoma bila tarehe huliona giza hilo mara tatu na anaweza kudhani ni siku tatu.

Tarehe 15 Machi, Merry anamchoma mfalme mchawi wa Angmar nyuma ya goti. Kisu ni kile cha makaburini. Masimulizi yanasimama katikati ya vita kumkumbuka fundi aliyekifua karne nyingi nyuma, kwamba angefurahi kujua. Duara langu la 29 Septemba limefungwa.

Vita vyenyewe havikunigusa kama zamani. Vimeandikwa vizuri, ila tayari nilikuwa natazama ni nani kafika saa ngapi, kutoka wapi, kwa nini upepo uligeuka asubuhi ile. Aragorn anafika kwa meli kwa sababu upepo uligeuka, na upepo huohuo ndio uliolisukuma giza. Meli, wapanda farasi, jua: vyote vina sababu moja.

NILIPO: KITABU CHA VI

Swali ambalo watu hupenda kuwatega waandishi wa fantasia ni hili: jeshi lote hili linakula nini? Mordor ni majivu na miiba. Tolkien ana jibu, na amelitupia katika sentensi moja Frodo na Sam wakiwa hoi njiani: mbali kusini mwa nchi hiyo, kando ya ziwa Núrnen, kuna mashamba makubwa yanayolimwa na watumwa. Hatufiki huko kamwe. Lakini shibe ya maorki, askari wa Mordor, sasa ina anwani.

Pete inaangamia 25 Machi. Kwa wasomaji wengi hadithi imekwisha, na zile kurasa nyingi zinazofuata huonekana kama mgeni asiyejua kuaga. Daftari linasema vinginevyo kabisa, na kama mtu hana nafasi ya kurudia kitabu kizima kwa kalenda, basi arudie sura tatu za mwisho.

Tarehe 6 Oktoba 3019, safari ya kurudi nyumbani. Wanafika mto Bruinen, Frodo anasita kuingia majini. Gandalf anamuuliza kama anaumwa. Anajibu kwamba ni bega. Mwaka mmoja umetimia leo. Hapo mwandishi ametuonyesha tarehe waziwazi, mara moja, ili tujifunze kuangalia. Baada ya hapo anaanza kuficha.

Tarehe 13 Machi mwaka unaofuata, mzee Cotton anamkuta Frodo amelala kitandani, ameshikilia kito cheupe shingoni, kama mtu aliye ndotoni, anasema kimekwenda milele na sasa ni giza tupu. Hakuna maelezo zaidi. Nilirudi kwenye daftari: 13 Machi mwaka uliotangulia ndiyo siku aliyokamatwa na maorki baada ya kuumwa na buibui Shelob. Sam hayupo, amesafiri kwa kazi ya kupanda miti. Anarudi 25 Machi, na Frodo amepona na hasemi kitu. Tarehe 25 Machi! Mwaka kamili tangu mlimani, wawili hao wameonana tena, na kitabu hakisemi neno.

Tarehe 6 Oktoba tena, Sam anaingia chumbani anamkuta bwana wake hatazamiki. Machi inayofuata Frodo anaugua tena na kujikaza ili Sam asijue, kwa kuwa Sam ana furaha yake: binti yake Elanor anazaliwa, 25 Machi, tarehe ambayo Sam, safari hii, anaitambua.

Kisha meli inaondoka 29 Septemba 3021. Niliitazama karatasi ya ukutani kwa muda. Wiki moja tu mbele kuna 6 Oktoba. Sijui kama Tolkien alikusudia hivyo, wala sijali sana. Ninachojua ni kwamba mtu aliyejeruhiwa amepanda meli kabla siku ya jeraha haijarudi, na kwamba kitabu kizima kilikuwa kikitufundisha kuhesabu siku ili tuweze kuliona hilo wenyewe. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916. Alijua wanaume waliorudi nyumbani wakaendelea kuwa na tarehe.

NILIPO: VIAMBATISHO

Ni sita, A hadi F: wafalme, orodha ya miaka, nasaba, kalenda, maandishi, lugha. Fungu la tatu lilichelewa kutoka kwa sababu ya viambatisho hivi. B na D zimeshachakaa kwa vidole vyangu. C, nasaba za mahobiti, nimeitazama kwa dakika chache na kuiacha. E ni ya wenye subira kuliko mimi, ingawa nimejifunza kuandika jina langu kwa herufi za Tengwar kama kila mtu.

A ndiyo iliyonirudisha kwenye wino mwekundu. Inatoa kumbukumbu za wafalme wa Númenor na Gondor, za Rohan, na za watu wa Durin. Hakuna sehemu ya Harad. Lakini Harad imo, imebanwa kwenye mistari ya Gondor. Mwaka 1015 mfalme Ciryandil anauawa wakati bandari ya Umbar imezingirwa. Mwaka 1050 mwanawe anavuka mto Harnen, anawashinda kabisa watu wa Harad, wafalme wao wanalazimishwa kuikubali enzi ya Gondor, na watoto wao wanakaa kwenye jumba la mfalme wa Gondor kama rehani. Kwa mwandishi wa Gondor huo ndio upeo wa fahari. Jaribu kuisoma sentensi ileile ukiwa umekaa upande wa pili wa mto.

Ndipo nikarudi kwa yule maiti wa 7 Machi. Sam aliuliza kilichomtoa nyumbani ni uongo au vitisho. Kuna uwezekano wa tatu ambao Sam hana njia ya kuujua na ambao umelala kwenye Kiambatisho A tangu 1955: huenda kwao wanakumbuka. Ukurasa wa ramani nao unakwisha hapo kusini, jina moja kubwa juu ya eneo tupu, wakati Shire ina kila kijito.

Je, huu ni udhaifu wa kitabu? Nadhani ndiyo, na nadhani pia kitabu kimetupa kipimo cha kuugundua. Ulimwengu ambao haukuhesabiwa siku wala hatua haukuonyeshi nani ameachwa nje ya hesabu. Huu umehesabiwa mpaka mwezi wa angani, kwa hiyo pengo linaonekana.

Hali ya mradi sasa: usomaji wa kwanza wa kalenda umekamilika, maduara ni mengi kuliko misalaba kwa mbali, karatasi ya ukutani imejaa na nimeitoa. Awamu inayofuata ni ya daftari jipya lenye safu tatu pekee: kila mstari unaotaja Harad, Umbar au Rhûn ya mashariki, katika riwaya na viambatisho, tarehe yake, na nani anayesema. Nimeanza kutoka nyuma, Kiambatisho A, kwenye vita vya ndugu kwa ndugu vya Gondor. Mstari wa kwanza kuandikwa ni wa 1448, waasi wa Gondor wanapokimbilia Umbar na kuitwaa. Kwa hiyo hata maharamia wa Umbar, wale wa meli nyeusi, walianza kama watu wa Gondor. Kwenye safu ya "nani anayesema" nimeandika Gondor, na ninavyoona, nitaliandika neno hilo mara nyingi.